Je, mmiliki wa bunduki akimkagua mnunuzi wake anakuwa ameisaliti haki yake?

Mlengaji wa Jioni anauliza:

Wakuu, salaam. Niko Texas mwaka wa kumi na tatu sasa, nina kadi ya ukaaji wa kudumu, na ninamiliki silaha tatu: bastola ya milimita 9 inayokaa ndani ya sefu ndogo kando ya kitanda, bunduki ya marisau ya kuwindia njiwa msimu unapofunguliwa Septemba, na AR-15 moja, bunduki ndefu ya nusu-otomatiki, ambayo ndiyo chanzo cha swali langu. Naweka msimamo wangu wazi mapema ili mtu asije akanihesabu katika kundi lisilo langu. Naamini kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanamlinda mtu binafsi anayemiliki silaha. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 2008 katika kesi ya Heller, nami siionei aibu haki hiyo. Najua kwamba huko tulikotoka wengi wetu mwenye bunduki ni askari, mlinzi wa benki au jambazi, na kwamba baadhi yenu mtashangaa kumsikia mtu anayezungumza Kiswahili akizungumza hivi. Shangaeni, lakini nisomeni hadi mwisho.

Mwezi uliopita niliamua kuiuza ile AR-15, kwa kuwa siku hizi naipeleka kwenye uwanja wa shabaha mara mbili tu kwa mwaka. Nikaitangaza mtandaoni. Mtu wa kwanza alijibu kabla saa moja haijaisha. Hakuuliza mtutu una urefu gani, hakuuliza imeshafyatua risasi ngapi, hakuuliza anapewa na magazini ngapi, mambo ambayo mnunuzi wa kawaida huanza nayo. Alitaka kujua kama napokea fedha taslimu na kama tungeweza kuonana usiku uleule kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Nikamjibu kwamba tutaonana mchana, dukani kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, ajaze fomu 4473 ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, jina lake lipitishwe kwenye mfumo wa FBI wa kuwakagua wanunuzi kama langu lilivyopitishwa nilipoinunua, na gharama ya huduma hiyo nitailipa mimi. Hakujibu tena.

Kisheria sikulazimika kufanya hivyo. Wajibu wa kumkagua mnunuzi unamwangukia mwenye leseni ya biashara; mimi mtu binafsi wa Texas, nikimuuzia Mtexas mwenzangu, naruhusiwa kumpa bunduki na kupokea pesa maadamu sijui wala sina sababu ya kuamini kwamba amepigwa marufuku kumiliki silaha. Lakini mtu anayetaka bunduki ya nusu-otomatiki usiku, kwenye maegesho, bila swali hata moja kuhusu bunduki yenyewe, amenipa sababu ya kutosha ya kujiuliza.

Jumamosi iliyofuata nikawasimulia wenzangu pale uwanjani, nikidhani tutacheka pamoja. Hawakucheka. Yule mzee aliyenifundisha kuweka kidole nje ya triga hadi nione ninachokilenga, ambaye namheshimu kama baba mdogo, aliniita "Fudd". Kwa wasiojua, hilo ni tusi la wenye bunduki kwa wenye bunduki wenzao: limetokana na yule mwindaji wa vibonzo, na maana yake ni mtu anayefurahia bunduki yake ya kuwindia huku akiwaacha wenzake wanyang'anywe zao. Mwingine akaniambia nimewasaidia wale wanaotaka kuunda daftari la kitaifa la wamiliki. Nikamkumbusha kwamba sheria ya mwaka 1986 ya kuwalinda wamiliki wa silaha inaikataza serikali kuu kuunda daftari la aina hiyo. Akasema, "Kwa sasa." Hapo mazungumzo yakafungwa.

Kwa upande mwingine, kazini, dada mmoja ambaye mtoto wake na wangu walikuwa hawaachani aliposikia kisa hichohicho aliniambia kwamba mtu mwenye akili timamu angeichukua bunduki hiyo na kuikata kwa msumeno, na tangu siku ile mtoto wake hajaja kwetu. Sikupata hata nafasi ya kumwonyesha sefu.

Na jana katika sanduku la barua nimekuta bahasha ya chama kimoja cha utetezi, yenye maandishi mekundu yanayosema kwamba nina siku chache tu kabla sijapoteza kila kitu. Ndani mna dodoso la maswali nane, na kila swali limeandikwa kwa namna ambayo jibu ni moja tu. La tisa linaniuliza nitachanga dola ngapi.

Swali langu basi: je, nilikosea? Na kama sikukosea, kwa nini utetezi wa haki yangu umefikia mahali ambapo mimi mwenye haki siwezi kusema jambo la busara bila kufukuzwa na pande zote mbili?

---

Mzee wa Houston anajibu:

Mdogo wangu Mlengaji, hukukosea kumkataa yule mtu. Hata mimi ningemkataa. Ila naomba usiwachukulie wenzako wa uwanjani kuwa wajinga, maana hofu yao ina historia, na sisi watu weusi tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa.

Soma hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857. Jaji Mkuu Taney, akieleza kwa nini mtu mweusi hawezi kuwa raia, aliorodhesha mambo ya kutisha ambayo yangefuata kama angekuwa raia, na mojawapo lilikuwa kwamba angeweza kumiliki na kubeba silaha popote aendapo. Njoo mwaka 1967: wanachama wa Black Panther, kundi la watu weusi la kutetea haki zao, walikuwa wakitembea na bunduki hadharani huko California wakiwafuatilia polisi, kwa mujibu wa sheria ya wakati ule, na jimbo likapitisha haraka sheria ya Mulford ya kukataza kubeba bunduki yenye risasi hadharani. Aliyeitia saini ni gavana Ronald Reagan. Kisha mwaka 2010 ndipo Mahakama ya Juu ikasema kwamba Marekebisho ya Pili yanayabana majimbo na miji pia, na mlalamikaji katika kesi hiyo alikuwa Otis McDonald, mzee mweusi mstaafu wa Chicago aliyetaka bastola kwa ajili ya kujilinda nyumbani kwake baada ya wezi kumvamia mara kadhaa. Mji ulikuwa umemkatalia. Huyo ndiye aliyekushindia haki unayoitumia, na hakuishinda kwa kuwa mpole.

Halafu unauliza "kwa sasa" inatoka wapi. Septemba 2019, hapa hapa Houston, katika mdahalo wa wagombea urais wa chama cha Democrat, Beto O'Rourke alisema waziwazi kwamba ndiyo, tutazichukua AR-15 zenu. Alishangiliwa ukumbini. Unapoambiwa hivyo mbele ya kamera, ukarudi nyumbani na kuambiwa kwamba hofu yako ni ya kubuni, unaacha kumwamini anayekwambia. Mzee wako aliyekuita Fudd hakukosea kuwa na wasiwasi. Alikosea kukutukana, na hilo ningemwambia usoni.

---

Muuguzi wa Zamu anajibu:

Mzee wa Houston, shikamoo. Kaka Mlengaji, pole kwa yaliyokupata.

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, sina bunduki, na sitaki kuwa nayo. Naomba niongeze jambo ambalo kambi zote mbili hulipita haraka kwa sababu halimfai yeyote anayetafuta michango. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa risasi nchini Marekani. Kati yao, 27,032 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Unapoona mabango ya upande mmoja yana picha ya mshambuliaji wa shuleni na ya upande wa pili yana picha ya jambazi anayevunja dirisha, ujue kwamba kwa zaidi ya nusu ya vifo hivyo aliyeshika bunduki na aliyekufa walikuwa mtu mmoja. Sisi zamu ya usiku tunajua tofauti ya aliyekunywa vidonge na aliyetumia bastola: wa kwanza mara nyingi tunapata muda wa kuzungumza naye asubuhi, akijutia. Wa pili kwa kawaida hafiki kwetu akiwa hai.

Sasa nakuletea kisa ambacho naamini kinakuhusu. Mwaka 2009 katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua silaha katika duka moja ndani ya muda usiozidi wiki, na kila mmoja alijiua nayo saa chache baada ya kuinunua. Mwenye duka hakuwa amevunja sheria yoyote. Alipopata habari alirudi kuutazama mwenendo wa mauzo yale, akijiuliza ni nini hakukiona. Kutokana na hapo wenye maduka ya bunduki na watu wa afya ya umma wakakaa meza moja. Hawakujadili Katiba. Walijadili mnunuzi anayeingia peke yake, asiyejua lolote kuhusu bunduki, asiyejali anapewa ipi, asiyeuliza jinsi ya kuitunza wala kuisafisha, na jinsi karani wa dukani anavyoweza kusema "leo hapana" bila kumdhalilisha. Wakachapisha mabango na vipeperushi vya kuwekwa kaunta, na kwenye zile kanuni kumi za usalama ambazo kila mmiliki anazijua wakapendekeza ya kumi na moja: ukiona ndugu au rafiki amezama katika huzuni, mtunzie silaha yake mahali pengine hadi dhoruba ipite. Maduka mengi ya jimbo lile yalikubali kuvipokea, na majimbo mengine yakaiga.

Unaona kwamba mnunuzi wako wa maegesho hakuuliza swali hata moja kuhusu bunduki? Ulidhani ni mhalifu. Huenda. Lakini dalili uliyoieleza ndiyo ileile waliyofundishwa makarani wa New Hampshire kuiangalia kwa sababu tofauti kabisa. Kwa hiyo hapana, hukukosea.

Kuhusu yule dada wa kazini: usimkasirikie. Mwandikie ujumbe umwambie silaha zako zinakaa wapi, ufunguo anao nani, na kwamba anakaribishwa kuja kuona kabla ya mtoto. Ni swali ambalo alipaswa kukuuliza na akaona haya.

---

Mpekuzi wa Nyaraka anajibu:

Nitalijibu lile swali la pili, kwa sababu jibu lake limo katika kumbukumbu zilizoandikwa, wala halihitaji ubashiri.

NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki Marekani, ilianzishwa New York mwaka 1871 na maofisa waliopigana upande wa Muungano, yaani Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambao walikuwa wameona aibu jinsi askari wao walivyokuwa hawajui kulenga. Kwa miongo mingi ilikuwa jumuiya ya shabaha, uwindaji na mafunzo ya usalama. Bunge lilipojadili sheria ya silaha ya mwaka 1934, iliyolenga bunduki za rashasha na bunduki zilizokatwa mitutu, rais wa NRA wa wakati huo, Karl Frederick, mlenga shabaha aliyewahi kushinda dhahabu katika Olimpiki ya 1920, aliwaambia wabunge kwamba haamini katika watu kubeba bunduki ovyo, na kwamba ubebaji huo unapaswa kubanwa sana na kufanywa kwa leseni. Leo angeitwa Fudd kabla hajamaliza sentensi. Baada ya Rais Kennedy kuuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyoagizwa kwa njia ya posta kupitia tangazo lililochapishwa katika jarida la NRA yenyewe, kiongozi mtendaji wa chama alikubali mbele ya Bunge kwamba biashara hiyo ya posta ikomeshwe, na sheria ya mwaka 1968 ikaikomesha.

Kisha ukaja mkutano mkuu wa Cincinnati wa Mei 1977. Uongozi ulikuwa unapanga kuhamishia makao makuu Colorado na kujikita zaidi kwenye uwindaji na mazingira. Wanachama waliokasirishwa, wengi wakiwa wamevaa kofia za rangi ya chungwa za wawindaji, walitumia kanuni za mkutano usiku kucha, na kulipopambazuka viongozi wa zamani walikuwa wameondolewa na Harlon Carter ameshika usukani. Mzee wa Houston ana haki ya kusema kwamba wanachama wale walikuwa na malalamiko ya kweli. Ila kuanzia usiku ule chama kilijifunza kwamba mwanachama mwenye wasiwasi hulipa ada kwa wakati, na mwanachama aliyetulia husahau.

Angalieni mifano inavyofuatana. Mwaka 1995 barua ya kuomba michango iliyotiwa saini na Wayne LaPierre iliwaita mawakala wa serikali kuu majambazi waliovaa mabuti. Kilipolipuliwa jengo la serikali Oklahoma City mwezi wa Aprili na kuua watu 168, Rais mstaafu George H. W. Bush, mwanachama wa maisha wa NRA, alirudisha uanachama wake kwa barua ya wazi akiyapinga maneno yale. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, maseneta Manchin na Toomey, wote wawili wakiwa na alama ya juu ambayo NRA huwapa wanasiasa wanaotetea haki ya silaha, waliandika muswada wa kupanua ukaguzi hadi kwenye mauzo ya matangazo na maonyesho ya bunduki, yaani mauzo kama yako, Mlengaji. Ndani yake waliweka kifungo cha hadi miaka 15 kwa ofisa yeyote atakayethubutu kuunda daftari la wamiliki. Kampeni dhidi ya muswada huo ikaendelea kupiga kelele za daftari kana kwamba kifungu hicho hakipo. Ulipata kura 54 dhidi ya 46, na kwa kuwa kanuni za Seneti zilihitaji 60, ukafa. Rafiki yako aliyesema "kwa sasa" alinyimwa na viongozi wake mwenyewe kifungu ambacho kingemlinda.

Na mwaka 2014, hapo kwenu Texas, ambako wakati huo bastola haikuruhusiwa kubebwa waziwazi lakini bunduki ndefu iliruhusiwa, vikundi vya watu vilianza kuingia mikahawani na bunduki mgongoni ili kudai sheria ibadilishwe. Tovuti ya NRA ikaandika kwamba kuingia na bunduki hivyo pahali pa kulia chakula ni jambo la ajabu na linawaogofya majirani bila faida. Vikundi vile vikachana kadi za uanachama, na baada ya siku chache NRA ikajitenga na maneno yake, ikasema yalikuwa maoni ya mfanyakazi mmoja. Hapo ndipo utaona kwamba mfugaji anaweza kuogopa alichokifuga.

Nisiseme kwamba upande wa pili ni watakatifu. Nao wana bahasha zao nyekundu, na wengi wao hutunga sheria kuhusu kitu wasichotaka hata kukijua. Mtu anayedhani herufi AR ni kifupi cha bunduki ya mashambulizi, ilhali ni jina la kampuni ya ArmaLite, anawapa wenye bunduki ruhusa ya kutomsikiliza kwa mengine yote. Lakini usilinganishe kosa la istilahi na kura ya Seneti.

---

Jirani wa Mississippi ya Juu anajibu:

Niko Minnesota, na nina kibali cha kubeba bastola. Sijawahi kujiunga na chama chochote, kwa sababu moja. Julai 6, 2016 Philando Castile, mfanyakazi wa mkahawa wa shule mwenye umri wa miaka 32, alisimamishwa na polisi huko Falcon Heights. Alikuwa na kibali kama changu. Alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, kama tunavyofundishwa darasani. Aliuawa kwa risasi akiwa amefunga mkanda wa gari, mbele ya mwenzake na mtoto wa miaka minne, na mwaka uliofuata polisi yule aliachiwa huru na baraza la mahakama. Taarifa ya NRA ilitoka baada ya siku mbili na haikumtaja kwa jina.

Mzee wa Houston, historia yako yote ya mwaka 1857 na 1967 ni kweli tupu. Ndiyo maana nilisubiri kusikia kelele siku ile.

---

Mzee wa Houston anajibu:

Jirani, kwa hilo sina la kujibu. Mimi mwenyewe niliacha kulipa ada mwaka ule.

---

Mlengaji wa Jioni anajibu:

Wakuu, nashukuru. Nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja.

Mzee, umenifanya nijione nilikuwa mwepesi wa kuwahukumu wenzangu. Yule aliyesema "kwa sasa" alizaliwa katika nchi hii, amesikia ahadi nyingi zikivunjwa, na mimi nilimwonyesha kifungu cha sheria kama mtu anayemwonyesha mgonjwa karatasi ya vipimo na kumwambia huumwi. Hata hivyo bado nashikilia jambo moja. Hukumu ya Heller ambayo sote tunaisifu iliandikwa na Jaji Scalia, ambaye hakuna aliyewahi kumwita Fudd, na ndani yake alisema kwamba haki hii, kama haki nyingine nyingi, ina mipaka, akataja wahalifu, wagonjwa wa akili na masharti ya biashara ya silaha. Mwaka 2024 Mahakama ileile, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ilikataa kumrudishia silaha mkazi wa hapa Texas aliyekuwa chini ya amri ya mahakama kwa sababu ya ukatili dhidi ya mwenzake. Haki yangu haikupungua siku ile hata kwa risasi moja. Anayenitumia bahasha nyekundu anataka niamini kwamba ilipungua.

Mpekuzi, kuhusu kambi kuzungumza kama wale wa New Hampshire aliowataja Muuguzi, nakuongezea mfano ambao huenda unaujua. Mwaka 1996 mbunge Jay Dickey wa Arkansas, aliyejiita mwenyewe mtu wa NRA bungeni, aliongoza juhudi za kukibana kituo cha CDC, cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, kisitumie fedha zake kupigia debe udhibiti wa bunduki, na kikanyang'anywa dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichokuwa kikitumika kwenye utafiti huo. Mpinzani wake alikuwa daktari Mark Rosenberg wa CDC. Watu hao wawili baadaye walianza kuzungumza, kwanza kuhusu watoto wao, hadi wakawa marafiki wa kweli, na mwaka 2012 waliandika makala pamoja wakisema kwamba utafiti unapaswa kurudi na kwamba unaweza kufanyika bila kugusa haki ya mtu. Fedha zilirudi katika bajeti ya mwaka 2020, dola milioni 25, Dickey akiwa ameshafariki. Sijui kama ningekuwa na subira ya namna ile.

Muuguzi, dada yangu, wewe ndiye uliyenikosesha usingizi. Ile dalili ya kutouliza swali sikuwa nimeifikiria kwa upande huo hata kidogo. Nimerudi kwenye ujumbe wa yule mtu na kuusoma tena. Ni mistari miwili tu na siwezi kujua lolote kutokana nayo, lakini nimemwandikia kumuuliza kama yuko salama. Ujumbe wangu haujasomwa. Na ujumbe kwa yule dada wa kazini nimeutuma kama ulivyoshauri: sefu iko chumbani, inafunguka kwa namba, namba tunaijua mimi na mke wangu, risasi ziko kabati jingine lenye kufuli. Amejibu "asante kwa kunieleza," basi. Mtoto bado hajaja.

---

Muuguzi wa Zamu anajibu:

Mpe muda. Na AR-15 yenyewe je, imepata mtu?

---

Mlengaji wa Jioni anajibu:

Kuna kijana mmoja amepiga simu jana. Ameniuliza kuhusu mtutu, kuhusu magazini, kuhusu mafuta ninayosafishia, na kama namba ya utambulisho inasomeka vizuri, hadi nikachoka kumjibu. Nilipomtajia habari ya dukani na fomu 4473 akasema yeye mwenyewe alikuwa anataka kupendekeza hivyo, ila aliogopa nitamwona Fudd. Tunaonana Jumamosi saa nne asubuhi.